Kwa Mjomba, Kuhusu Damu ya Deo

Mjomba wangu Kosmas,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Mama asingenielewa, hata huko aliko.

Barua hii nimekuwa nikikuandikia kichwani kwa muda mrefu, nikiwa kwenye basi, nikiwa nafua, nikiwa nimeinamia hadubini kazini. Sasa nakaribia kustaafu na nimechoka kuizungusha kichwani.

Wewe ulikuwa kaka yake mama, na kwetu Waluguru neno hilo lina uzito ambao watu wa kwingine huwa nashindwa kuwaeleza. Mashamba tuliyolima kule Mgeta yalikuwa ya lukolo la mama, ukoo wake, na wewe ndiye uliyeyasimamia. Baba alikuja kuoa akakuta ardhi ni yenu, nyumba ni yenu, na hata watoto aliowazaa ni wenu. Mdogo wangu Deo alikuwa wako zaidi ya sisi wote, maana ndiye uliyemchagua akurithi. Tangu hajaanza shule ulikuwa unambeba mabegani mnazunguka mashamba, kwenye ukungu ule wa asubuhi unaolowesha nguo kama mvua, na mimi niko nyuma yenu na kikapu cha miche ya kabichi.

"Mpaka wetu unaishia wapi?" unamuuliza.

"Kwenye mwamba!"

"Na baada ya mwamba?"

"Mtoni!"

"Na ng'ambo ya mto?"

"Watu wengine!"

Unacheka mpaka anayumba mabegani kwako. Sikuwahi kukuona ukicheka hivyo na mtu mwingine yeyote.

Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuona kwamba Deo anaumwa. Hilo nataka nilitaje mapema, kwa sababu nyumbani kwetu halikutajwa tena. Ilikuwa siku ya shamba la ujamaa, mwaka ule mashina yote ya nyumba kumi kumi yalipotakiwa kulima pamoja shamba la kijiji kule bondeni, na hata watoto wa shule tulipewa matuta yetu. Deo aliacha jembe akakaa chini. Mwenyekiti wa kijiji akasema mbele ya watu, "Huyu mwanenu anakwepa kazi." Ulimtazama Deo, ukamshika kidevu, ukamgeuza uso kwenye mwanga. "Huyu hakwepi," ulisema. "Tazama midomo yake. Haina damu."

Tulidhani ni malaria. Sista wa zahanati ya misheni alimpa klorokwini, homa ikashuka, ikapanda tena. Kisha akaanza kutoka damu puani, na miguuni kukawa na alama nyeusi kama amepigwa, wakati hakuna aliyempiga. Usiku alilia mifupa. Sista alipombonyeza tumboni na shingoni aliyakuta matezi yamevimba, akasema, "Mpelekeni mjini. Msingoje Jumatatu." Ulimbeba Deo mgongoni ukateremka naye mlima mzima mpaka barabarani, ukakataa kupokewa na Baba. Baba alikuwa akitembea nyuma yako amebeba viatu vya mtoto.

Morogoro wakatuambia twende Dar es Salaam. Tulipanda treni mimi, Mama na Deo. Mimi nilichukuliwa ili nimsaidie Mama kupika na kufua, na ndiyo maana nilisikia kwa masikio yangu mengi ambayo nyinyi mlisimuliwa. Walimchoma Deo sindano nene kwenye mfupa wa nyonga kuchukua uboho, na alilia akikuita wewe, si Baba. Daktari alikuwa kijana wa kwetu hapahapa nchini, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwambia Mama kwamba ni saratani ya damu. Mama akauliza kama ni kitu cha kurithi au cha kurogwa. "Si hiki wala si kile, mama," akasema. "Ndani ya mifupa yake kuna chembe nyeupe za damu ambazo zimekataa kukua. Zinazaliana tu, zinajaa, mpaka damu nzuri inakosa mahali pa kutengenezwa."

Walianza kumpa dawa mbili. Moja ni sindano ya mshipani, mara moja kwa wiki. Nyingine ni vidonge vyeupe vidogo vya kila siku, prednisoloni. Nywele zilimtoka. Uso ukavimba ukawa wa mviringo kama sahani. Lakini alipata njaa, Mjomba! Alimaliza ugali wake, akamaliza wangu, akamtazama Mama mpaka Mama akamsogezea wa kwake. Yale matezi ya shingoni, yaliyokuwa kama njegere kwenye ganda, yalianza kuyeyuka. Nilikuwa nayagusa kila asubuhi nikimwosha. Siku moja nikayatafuta nikayakosa.

Ulikuja kututembelea wakati huo, ukiwa na kapu la matunda ya kwetu, mafyulisi, yaliyokuwa yamepondeka kwa safari. Deo alikuona tangu mlangoni akakukimbilia, akapita katikati ya vitanda vyote, muuguzi akimfokea nyuma. Ulipiga magoti sakafuni ukampokea. Nilidhani utalia, lakini ulichofanya ni kumgeuzia uso dirishani, kama ulivyofanya siku ile shambani, ukaitazama midomo yake.

Daktari alifika akakueleza kwamba wamepima tena uboho na zile chembe mbaya hazionekani. Ukamuuliza, kwa adabu kabisa, "Sasa mgonjwa yuko wapi hapa, daktari?"

"Huyuhuyu, mzee wangu. Hazionekani, lakini haina maana kwamba hazipo. Inabidi tuendelee na dawa."

"Mpaka lini?"

"Miaka miwili. Pengine mitatu."

Uliitazama ile wodi. Kitanda cha jirani siku hiyo kilikuwa kimetandikwa upya na hakina mtu, na sote tulijua kwa nini. Sijui mtu mwingine angefikiri nini. Ulimwona mtoto anayekimbia, anayekula, anayecheka, na ukaambiwa umwache miaka mitatu kwenye nyumba ambamo watoto wanakufa, ili atibiwe kitu ambacho aliyekuambia kipo amekiri kwamba hakioni.

Halafu Deo mwenyewe akakuambia. Alikushika sikio akakunong'oneza, lakini alikuwa hajui kunong'ona, tulimsikia sote. "Mjomba, wananichoma mgongoni. Nirudishe nyumbani."

Daktari alikubali kwa shingo upande turudi Mgeta kwa muda, tukapewa vidonge vya kumeza na tukaambiwa tumrudishe kila mwezi. Tulimrudisha mara ya kwanza. Mwezi uliofuata mvua zilikata barabara, malori ya kabichi yakakwama juu mlimani wiki nzima. Barabara ilipofunguka, mliketi sebuleni kwetu, wewe na Baba, na Mama katikati yenu akiwa ameshika kikombe cha chai isiyo na sukari, maana duka la kijiji halikuwa nayo. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi.

Baba alisema, "Kesho nateremka na mtoto."

Ukasema, "Mtoto amepona. Vidonge vinamvimbisha. Kila akitoka huko anarudi hawezi kukaa kwa mgongo kuuma. Mwacheni apumzike."

"Daktari amesema."

"Daktari amesema haoni kitu!"

"Kosmas, mtoto ni wangu pia."

"Mtoto ni wa lukolo," ulisema, wala hukupandisha sauti.

Mlimgeukia Mama wote wawili. Mama alitazama kikombe chake. Kisha akasema, "Apumzike kidogo." Ndivyo ilivyoamuliwa. Baba alitoka nje, na nilimwona amesimama kwenye matuta ya karoti, hafanyi chochote.

Naomba nikukumbushe pia miezi iliyofuata, kwa sababu ilikuwepo, na nyumbani kwetu ilifutwa kana kwamba kuikumbuka ni dhambi. Nywele za Deo ziliota upya, laini kama za mtoto mchanga. Uso ulirudi kuwa wake. Alirudi shule. Ulimtengenezea jembe dogo la mpini mfupi, mkapanda pamoja tuta la viazi ambalo lilikuwa lake peke yake, na alipovuna alimpa Baba kiazi cha kwanza. Baba alipokea akamshika kichwa kwa muda mrefu. Siku ile hata Baba aliamini. Sote tuliamini, Mjomba. Wewe na Baba mlikunywa togwa pamoja.

Ugonjwa ulirudi kwa kichwa kuuma. Kila asubuhi kichwa, kisha kutapika, kisha macho yakaanza kuona vitu viwili viwili. Safari hii Baba ndiye aliyembeba. Hakukungoja, na ulipotukuta njiani ukanyoosha mikono, alikupita. Ulitufuata kwa nyuma mpaka barabarani. Pale Morogoro walimwekea damu, wakaanza mipango ya kumpeleka Dar, lakini hakufika huko. Alifia kwenye wodi ya watoto, Mama akiwa ameenda kuchota maji ya kumwosha.

Tulimzika Mgeta. Baada ya matanga Baba alituhamishia Morogoro mjini, Mwembesongo, akapata kazi kiwandani, na hakukanyaga tena mlima ule. Hakukutukana. Alisema sentensi moja tu, akiwa anafunga mizigo, "Kosmas ameniulia mtoto," na kuanzia hapo jina lako halikutajwa mezani. Ulikuwa unatuma kabichi na dereva wa lori, kila mavuno. Baba alizipokea kwa heshima, akamshukuru dereva, kisha akazigawa kwa majirani mpaka ya mwisho. Sisi hatukuzila. Mama alikuwa akisimama mlangoni akizitazama kabichi za nyumbani kwao zinaondoka mikononi mwa watu.

Mimi nilisoma. Nilipomaliza kidato cha nne nikachaguliwa kusomea kazi ya maabara, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechagua damu. Nikiwa bado mwanafunzi nilipanda mlima kukutembelea. Ulikuwa umepungua, umeanza kutumia fimbo. Ulinipikia mwenyewe, viazi na maharage, ukaniuliza habari za Mama, na za Baba pia, kwa jina lake la heshima. Kisha, tukiwa tumeketi uani unamenya njegere, ukaniuliza bila kuniangalia:

"Skola, wewe sasa unasoma mambo haya. Zile dawa za Deo zilikuwa zinafanya nini mle ndani?"

"Zilikuwa zinaua chembe mbaya, Mjomba."

"Zinaziua vipi? Kama sumu ya panya?"

"Sijui. Hatujafika huko."

"Ukifika utaniambia."

Nilikuambia ndiyo. Lakini walionifundisha enzi hizo walikuwa hawajafika huko wenyewe. Wataalamu duniani ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuelewa. Uliondoka duniani kabla sijafika huko. Habari za msiba zilitufikia wakiwa wameshamaliza kukuzika, kwa mdomo wa dereva yuleyule wa kabichi, na Mama alikaa sakafuni na kanga kichwani siku nzima.

Basi nikujibu sasa.

Hazikuwa kama sumu ya panya. Kila chembe ya mwili, Mjomba, inazaliwa ikiwa na uwezo wa kujiua. Ndivyo tulivyoumbwa. Chembe ikichakaa au ikiharibika, ndani yake kuna vitu vinavyoamshwa, vinaanza kuikatakata kwa utaratibu, kama mtu anayevunja nyumba yake mwenyewe tofali kwa tofali. Inasinyaa, inagawanyika vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, na chembe nyingine zinakuja kuvimeza. Hakuna usaha wala kidonda. Hili lilikuwa likitokea mwilini mwako, na linatokea mwangu, kila siku na hatulisikii.

Zile chembe za Deo zilikuwa zimeuziba mlango huo. Amri ya kufa ilikuwepo bado ndani yao, ila kulikuwa na walinzi wengi mno waliokuwa wakiizuia isitekelezwe. Ndiyo maana zilijaa. Kile kidonge cheupe kilichomvimbisha uso kilikuwa kinaingia mpaka kwenye kiini cha chembe, kinawazidi nguvu wale walinzi, na ile amri inapita. Chembe inajiua yenyewe. Ile sindano ya kila wiki, ambayo asili yake ni ua dogo la rangi ya waridi lililokuwa likijiotea pembeni ya kanisa la misheni, ilifanya kazi kwa njia nyingine. Chembe inapotaka kugawanyika iwe mbili, ndani yake inanyoosha nyuzi za kuvutia kila upande fungu lake. Dawa ilizizuia nyuzi zisijengeke. Chembe inakwama katikati, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na ikikwama muda mrefu, inaanza kujivunja. Niliyaona kwa macho yangu miaka mingi baadaye, kwenye kioo cha hadubini: chembe zilizopewa dawa zimesinyaa, viini vyake vimekatika vipande vyeusi vya mviringo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimeyaona yale matezi ya shingoni mwa Deo yanavyoyeyuka, kwa ndani.

Na sasa sehemu ambayo ningependa isiwepo. Hazikufa zote. Kila mara zinabaki chache ambazo hazikuwa zikigawanyika siku dawa ilipopita, au zilizojificha mahali dawa haifiki vizuri, kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo. Ndiyo maana walimchoma mgongoni. Hizo chache hakuna aliyeweza kuziona wakati ule, si wewe, si daktari. Miaka ile mitatu ilikuwa ya kuzingoja zitoke moja moja.

Sitakudanganya ili nikupoze, hukuwa mtu wa kudanganywa. Kama angeendelea na dawa, pengine angepona. Na pengine asingepona, maana dawa zenyewe zilikuwa zinakosekana nchini, na hata waliozipata zote miaka ile, wengi ugonjwa uliwarudia. Sijui Deo angekuwa upande gani. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na bado sijui. Ninachojua ni kwamba mtoto uliyemwona akikukimbilia wodini alikuwa mzima kweli kwa macho ya binadamu yeyote. Hukuwa mjinga na hukuwa mkatili. Ningetamani Baba alisikie hili. Nilimwambia, mwaka ule wa mwisho wake, akiwa kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Sikumlaumu yeye pia.

Hivi karibuni alikuja hospitalini kwetu mzee mmoja kutoka upande wa Matombo, ameleta mtoto wa dada yake, binti mdogo mwenye ugonjwa uleule. Dawa zilikuwa zimefanya kazi vizuri. Binti anarukaruka kwenye korido. Yule mzee alikuwa ameshafunga mizigo. Wauguzi walimbembeleza wakachoka, mmoja wao akanifuata maabara kwa sababu anajua natoka mlimani.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, begi katikati ya miguu. Nilimwamkia kwa Kiluguru, nikakaa. Sikumfokea wala sikumpa takwimu. Nilimweleza habari za chembe zisizoonekana, na alipotikisa kichwa, nilimweleza habari za Deo, tangu siku ya shamba la ujamaa hadi wodi ya Morogoro. Sikujua kama naweza kuisimulia yote kwa mtu nisiyemjua, kumbe naweza.

Alisikiliza akitazama lile begi. Binti alikuja akamwegemea goti, akaenda zake. Kisha akalisukuma begi chini ya benchi kwa mguu, na nikajua atabaki.

Nilikuwa nimeshainuka aliponishika mkono.

"Mama," akasema, "huyo mjomba wenu. Baada ya kumzika mtoto. Aliishi vipi?"

Nilijua ulichopanda, nilijua kabichi ulizotuma, nilijua fimbo yako na mkono wako ukimenya njegere. Lakini alichokuwa ananiuliza sikukijua. Miaka yote ile, Mjomba, katika ukoo mzima, hakuna hata mmoja wetu aliyepanda mlima kukuuliza.

Nilimwambia, "Sijui, mzee wangu. Hatukumuuliza."

Pumzika, Mjomba. Msalimie Deo, na kama Baba yuko karibu, mpishe akae.

Ni mimi mpwa wako,
Skola